Nimetengeneza programu ya kutunza wanamuziki ukumbini, watu hawaitaki. Nimekosea wapi?

fundi_kuchele (Mtwara)

Shikamooni wakubwa, rika langu mambo vipi. Uzi ni mrefu kidogo, naomba mnivumilie.

Mimi ni fundi simu, kibanda changu kipo Magomeni hapa Mtwara mjini. Kuandika programu nimejifunza mwenyewe usiku, kwenye kompyuta mpakato ya mteja ambaye hajarudi kuichukua tangu mwaka juzi (kaka, kama unasoma hapa, njoo tu, kioo kipya nilishaweka). Shangazi yangu ni mwimbaji wa taarab. Bendi yao ina watu saba: kinanda, gitaa, besi, dramu, tumba, mwitikiaji mmoja na yeye mwenyewe. Ijumaa na Jumamosi wanapiga kwenye ukumbi wa wazi Mikindani. Msimu wa korosho ukishika na hela za mnada zikaingia, wanaitwa kwenye harusi mpaka Nanyamba na Tandahimba.

Wazo lilinijia siku moja nimesimama nyuma kabisa, karibu na mama anayeuza ming'oko. Kuna kijana alikuwa anataka wimbo fulani. Akauandika kwenye kipande cha pakiti ya sigara, akampa mhudumu, mhudumu akampa mpiga tumba, mpiga tumba akakikalia. Wimbo haukupigwa. Kijana aliondoka saa sita kasoro amenuna, na nina hakika hela ya kutunza alikuwa nayo mfukoni. Nikasema hapa pana kazi.

Nimekaa nayo miezi minne. Programu inafanya mambo matatu. Unachagua wimbo kwenye orodha ya bendi, na wenye kura nyingi unapanda juu kwenye simu ya mpiga kinanda. Unamtunza mwimbaji kwa lipa namba bila kuinuka ulipokaa: meseji ya malipo ikiingia kwenye simu ya shangazi, programu inaisoma na kurusha jina lako na kiasi ulichotoa kwenye kitambaa cheupe nyuma ya jukwaa, kwa projekta ya kuazima. La tatu ndilo nililolipenda kuliko yote: ukitikisa simu inalia kama kayamba, ili ukumbi mzima upige pamoja na bendi.

Jumamosi iliyopita tukajaribu. Watu walikuwa kama 150. Nilibandika kodi ya QR kwenye kila meza, nimechapisha kwa hela yangu.

Walioipakua ni 11. Programu ina uzito wa MB 38, na kila simu niliyoishika ilikuwa inalalamika nafasi imejaa, imejaa video za WhatsApp za harusi za watu wengine. Wenye vitochi hao hata sikuwafikiria. Halafu gizani kodi ya QR haisomeki. Niliona mtu anaazima tochi ya jirani ili simu yake isome karatasi, na karatasi yenyewe imeshaloa supu ya pweza.

Waliotunza kwa simu ni wanne, jumla shilingi 9,000. Usiku huohuo kwenye beseni la shangazi mlikuwa na 87,000 taslimu. Mmoja wa wale wanne, baba wa makamo na ndevu zake, alituma elfu tatu, kwenye kitambaa likatokea jina la mama mkwe wake, maana laini ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mama mkwe. Ukumbi ulicheka mpaka bendi ikapoteza mwendo. Mwingine Jumatatu akadai muamala wake ulikuwa wa kukosea namba, akarudishiwa elfu mbili yake. Ameshacheza, ameshaitwa jina, karudishiwa!

Kuhusu kayamba sitaki kusema sana. Simu sita zilitikiswa. Mpiga dramu alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau mpaka leo.

Shangazi hakunigombeza. Alikuwa anahesabu noti, anazinyoosha moja moja juu ya paja, akasema tu, "Mwanangu, umewaketisha watu wangu." Nikimuuliza maana yake anasema nitaelewa nikikua. Nina miaka 27.

Sasa wakuu, shida ni uzito wa programu, ni mtandao, au wazo lenyewe? Semeni tu, msinionee huruma.

Mla Ming'oko

Mtwara kuchele! Mkuu ungeenda na kayamba za kweli, buku buku, ungemaliza mzigo kabla ya saa nne.

kodi_usiku (Dar)

Anza kwa kuifuta. Sitanii. Mtu aliyekuja kusikiliza taarab hapakui kitu cha MB 38 akiwa ameshika soda. Andika ukurasa wa kawaida unaofunguka kwenye kivinjari: orodha ya nyimbo, kitufe cha kura, basi. Usiweke picha, usiweke herufi za kuvuta kutoka nje. Ukijibana hauzidi KB 60, na hata mwenye bando la kuungaunga ataufungua. Anwani iwe fupi, ya kutamkika, mshereheshaji aitaje kwa mdomo. QR iache mlangoni penye taa.

Utashawishika kuweka ruta yako na kakompyuta kama Raspberry Pi chini ya meza ya mitambo ili watu waingie bure. Niliwahi kufanya hivyo kwenye mkutano mmoja, nakuonyesha makovu. Simu nyingi za Android zikiona Wi-Fi haina intaneti zinaihama kimyakimya na kurudi kwenye data, mtu anabaki anabonyeza ukurasa usiojibu na anakuona wewe ndiye mbovu. Na ruta ya nyumbani ikishabeba watu 30 hivi inaanza kuhema. Kwa ukurasa mwepesi waache watumie data zao.

Malipo yaache kwenye menyu ya nyota na reli. Hayahitaji intaneti wala simu kubwa, kwa hiyo mwenye kitochi anaingia bila kuombwa radhi. Ila hilo la programu kusoma meseji kwenye simu ya shangazi litakuponza. Mtu anaweza kuandika meseji inayofanana neno kwa neno na ya malipo, anaituma kwa namba yake ya kawaida, na wewe unamtangaza ukumbini katunza laki. Kama huwezi kuunganishwa rasmi na mfumo wa malipo kwa sasa, mweke mtu anayeaminika ashike simu, aangalie salio, ndipo abonyeze "imeingia".

Na jina la usajili usilirushe kitambaani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, mama mkwe wa watu hakuwa ukumbini. Muulize mtunzaji anataka aitwe nani.

besi_nyaya4 (Dar, ila mzaliwa wa Masasi)

Napiga besi, kwa hiyo kayamba limenigusa mimi binafsi.

Hesabu yako ni hii. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Aliyekaa mita 34 kutoka kwenye spika anaisikia dramu imechelewa sehemu ya kumi ya sekunde. Anatikisa simu. Simu nayo inajifikiria kabla ya kulia, na kila aina ya simu inajifikiria kwa muda wake. Halafu mlio unasafiri kurudi jukwaani, sehemu nyingine ya kumi. Kwenye mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo zima ni nusu sekunde. Ukijumlisha ucheleweshaji wote umekaribia nusu ya pigo, yaani umempelekea mpiga dramu kayamba linalogonga katikati ya mapigo yake kwa makusudi. Zidisha kwa simu 50 zisizoelewana, unapata mvua ya mawe juu ya bati.

Utasema mbona makofi hayaharibu. Makofi nayo yanachelewa kurudi, lakini mkono wa mtu hausubiri kusikia pigo, unalivizia. Ndiyo maana sindimba inachezwa na kijiji kizima bila mtu kupotea. Simu haijui kuvizia.

Waliowahi kupiga muziki kwa simu za watazamaji walilikwepa tatizo hili kwa ujanja. Mwaka 2001, mjini Linz, Austria, Golan Levin na wenzake waliandikisha namba za watazamaji wanapoingia, wakawatumia milio mipya ya simu, wakawapangia viti, halafu wao jukwaani ndio waliozipigia zile simu. Watazamaji hawakupiga chochote, walikuwa wao ndio ala. Mwaka 2012 Mmarekani Dan Deacon akazitumia kama taa: simu zilisikiliza milio maalumu kutoka kwenye spika, zikabadili rangi kwa pamoja bila mtandao wowote. Taa ikichelewa kidogo jicho linasamehe, ndiyo maana mimi ningekushauri uachane na sauti kabisa, ufikirie mwanga.

sauti_ya_rahaleo (Lindi)

Mwanangu fundi, mimi naimba hapa Lindi, mwaka wa ishirini sasa, na shangazi yako nadhani namfahamu ila tusitajane humu.

Hawa wenzako wamesema vya mitambo, sawa. Mimi nimekwama kwenye neno lako moja. Umeandika kwa raha kabisa "bila kuinuka ulipokaa". Hebu niambie, mtu amtunze mwimbaji amekaa, kwa faida ya nani?

Siku moja acha simu, umwangalie mwanamke anayekuja kutunza. Kwanza anakwenda kwa muuza vinywaji na noti ya elfu kumi, anaomba chenji. Anataka noti za bluu kumi, ukimpa za elfu mbilimbili anakurudishia. Anazipanga kwenye kiganja kama karata. Anasubiri. Ubeti unaomhusu ukiingia, anainuka na noti moja tu, ameishika juu kwa vidole viwili. Haji kwangu moja kwa moja. Anapita kwanza meza ya mawifi zake, polepole, bega linafanya kazi, na ule ubeti anaupeleka anakotaka uende. Ndipo anafika, ananibandika kwenye paji la uso au anaidondosha kwenye beseni, anarudi kwa njia nyingine ili upande wa pili nao wamwone. Ubeti mwingine, noti ya pili. Elfu kumi imempa safari kumi. Wewe ulimpa kitambaa.

Na mimi kule juu zile safari nazisoma. Akiinuka mmoja namrudia ubeti. Wakiinuka watano wimbo hauishi, nampa mpiga kinanda jicho tunazunguka palepale hata dakika kumi, na hizo dakika kumi ndizo zinazolipa mafuta ya gari. Sasa wakikaa wote vichwa chini, nyuso zinawaka mwanga wa simu kama wanasoma taarifa ya msiba, nitajua nimempata nani?

Lingine, ambalo nyie vijana hamliulizi. Hela ya beseni tunaigawa usiku uleule, mpiga dramu anaiona kwa macho yake. Hela ya lipa namba imeingia kwa nani? Nimewahi kuimba na bendi moja, siitaji, mwenye namba alikuwa kiongozi. Miezi mitatu tuliambiwa mtandao unasumbua.

fundi_kuchele

Bi mkubwa, shikamoo. Nimekusoma nikiwa kibandani, simu ya mteja imefunguliwa tumbo mezani, nikaiacha hivyohivyo. Kumbe lile neno la shangazi ndilo hili. Nilidhani namwondolea mtu usumbufu wa kuinuka, kumbe kuinuka ndiko alikolipia.

Jana usiku nimejaribu kitu uani na binamu yangu. Nimechukua ushauri wa besi_nyaya4 wa mwanga. Ukishatunza, ukurasa hauandiki "asante" wala nini. Kioo chote kinageuka rangi ya noti. Buku ni bluu, elfu mbili kahawia, elfu tano zambarau, msimbazi nyekundu. Rangi hizo hakuna asiyezijua. Binamu alisimama karibu na mwembe, hatua arobaini, giza totoro, akainua simu, na mimi nikajua ni elfu tano kabla hajasema. Kwa hiyo unainuka, unainua kioo chako juu, unapita meza ya mawifi, unafika jukwaani.

Na safari kumi nazo nimeziweka. Unatuma elfu kumi mara moja, unakatwa makato ya mara moja, ukurasa unakupa safari kumi za bluu. Ukifika kwenye beseni mwitikiaji anagusa kioo kwa kidole, bluu inazimika, safari moja imekwisha. Unarudi kwenye kiti na salio la tisa.

kodi_usiku

Hiyo nzuri mpaka naona wivu. Lakini neno "salio" liondoe, na si neno tu. Ukianza kuwashikia watu hela ambazo bado ni zao, umeingia kwenye kazi ya wenye leseni ya Benki Kuu, Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015. Ile elfu kumi ihesabike imeshatunzwa dakika ile ile inapoingia. Akilala kabla ya kuzimaliza, hela ni ya bendi. Alichobaki nacho mkononi ni safari, si fedha.

Pia ukurasa wa kivinjari hauwezi kuongeza mwanga wa kioo kwa nguvu. Mwenye kubana betri atakuja jukwaani na bluu iliyofifia kama ya kanga iliyofuliwa sana. Mwandikie aongeze mwenyewe.

Mtuma Salamu (Nachingwea)

Vijana, nimewasoma wote. Hii programu sisi tulikuwa nayo. Iliitwa kadi ya salamu.

Unanunua kadi, unaandika jina lako, si lile la kitambulisho, ni lile la kadi, la kujipachika. Unaandika uliko. Halafu orodha ya unaowasalimu, na wimbo unaoutaka. Unaipeleka redioni kwa posta au kwa mtu wa basi. Halafu unasubiri, na betri mpya umenunua kabisa zisije zikakufia siku yenyewe. Mtangazaji akilitamka jina lako, mke anaita jirani. Mimi nilikuwa na kadi zangu nimezifunga kwa mpira kwenye bati la chai. Hakuna aliyeniona nikiandika, na hakuna aliyehitaji kuniona. Kilichokuwa kinauzwa ni ile sauti ya mtu mwingine kunitaja.

Sasa huyu mama wa Lindi amesema kweli kuhusu kuinuka. Ila mimi magoti yameshakataa, na Mikindani ni mbali. Watoto wetu nao nusu yao wako Mbagala. Asiyekuwepo ukumbini umemwekea mlango gani?

fundi_kuchele

Mzee, shikamoo. Sikuwa nimemwekea. Nipe wiki mbili.

fundi_kuchele

Wakuu, nimerudi, siku kumi na tisa badala ya kumi na nne, kuna mvua ilinivujia kibandani.

Tumepiga Ijumaa mbili Mikindani na harusi moja Nanyamba. Ya Nanyamba ndiyo niwasimulie. Kaka wa bibi harusi yuko Mbagala, hakupata ruhusa kazini. Akatuma 20,000 kwenye namba ya bendi, na kwenye ukurasa akajiandika "Kaka Mkubwa wa Rangi Tatu". Mshereheshaji akalisoma jina kwa sauti, bendi ikanyamaza ikabaki tumba tu. Lakini nani ainuke? Tukatazamana. Mama wa bibi harusi akaja akaichukua simu mkononi mwangu, kioo chekundu, akaiinua. Alikwenda nayo safari ya kwanza amejikaza. Safari ya pili alikuwa analia na kucheza kwa wakati mmoja, na shangazi akaurudia ubeti mara nne.

Nilikuwa nimerekodi sekunde ishirini za sauti, kuanzia jina linaposomwa, nikamtumia yule kaka kwa WhatsApp. Akapiga. Anauliza, "Watu wote wamesikia?" Nikamwambia wamesikia. Akakata, akapiga tena, anataka kujua mjomba wake alikuwa amekaa wapi na kama naye alisikia. Mara ya tatu akatuma elfu tano nyingine. Mzee wa Nachingwea, mlango ndio huo: jina, mtu wa kukubebea kioo, na sauti ya kurudishiwa.

Usiku ule kwa simu zilipatikana 61,000, beseni 112,000. Beseni bado linaongoza, na sina tena hamu ya kulishinda.

Vilivyoharibika navyo vipo. Ijumaa ya kwanza kioo cha mama mmoja kilijizima katikati ya ukumbi, mkono uko juu. Alisimama kama aliyekatikiwa umeme, mawifi wakapiga vigelegele vya kumzomea. Nimeshaweka amri ya kukizuia kisilale. Halafu kuna kijana aliipiga picha bluu ya rafiki yake, akaja nayo jukwaani safari tatu kwa picha ileile. Sasa rangi haitulii, inapanda na kushuka kama inapumua, na mwitikiaji akiigusa isipozimika anamwambia mtu arudi kwenye kiti. Anamwambia kwa kumwimbia, ni mkali yule.

Bi mkubwa wa Lindi, lile la namba nalo nimelifanyia kazi. Namba ni ya kikundi, na simu inakaa kwa mpiga dramu. Yeye ndiye anayebonyeza "imeingia". Tukimaliza, kabla ya kufunga spika, anasoma jumla mbele ya wote saba, asubuhi wanakwenda wawili kwa wakala. Toka apewe ile simu jicho lake kwangu limepungua makali.

Kura za nyimbo zipo, watu wanapiga sana. Shangazi orodha anaitazama kwa heshima zote, halafu anaimba anachotaka. Nimemuuliza kuhusu programu kwa ujumla. Kasema, "Ile nyekundu haiwezi kung'aa zaidi?"

sauti_ya_rahaleo

Ukimaliza huko pita Lindi. Namba itakaa kwa mpiga dramu wetu, na aliyekuwa nayo zamani asikanyage.

Mtuma Salamu

Namba nimeipata kwa mjukuu. Nimetuma buku moja, hali ni ngumu, korosho bado zipo ghalani. Nisomeni kwa jina la kadi: Mtuma Salamu Asiyechoka, Nachingwea. Ubeti wowote.

fundi_kuchele

Imeingia mzee wangu. Ijumaa saa nne usiku, bluu moja. Nikutafutie nani akubebee kioo?

Mtuma Salamu

Mwanamke yeyote mwenye bega.